Chanjo ya miezi 18 isikupite

Mtoto akishachomwa ya surua na rubela ya miezi 9, wazazi wengi huifungia kadi ya kliniki kabatini. Bado! Kuna dozi ya pili akifikisha miezi 18, na ndiyo inayosahaulika zaidi, maana mtoto keshaanza kukimbia na safari za kupima uzito zimepungua. Iweke tarehe hiyo kwenye simu sasa hivi. Ukichelewa nenda tu, hawamwanzishii upya.

Kadi yenyewe itunze. Hapa Tanzania binti wa miaka 9 hadi 14 huchomwa ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, siku hizi dozi moja tu. Mjamzito naye aulizie ya pepopunda, hata kama alichomwa mimba iliyopita.