Buti la mlima linapimwa kwa kushuka: jinsi ya kuchagua linalokukaa

Juzi dogo mmoja jirani yangu hapa Majengo karudi toka mlimani Kilimanjaro, safari yake ya kwanza kama mgumu (mpagazi), anatembea kama anakanyaga makaa. Namwambia vua hivyo viatu tuone. Kucha mbili za vidole gumba nyeusi tii, moja inacheza kabisa. Namuuliza ulivaa namba ngapi, ananijibu "42 bro, mi siku zote ni 42". Na kupanda ulipandaje? "Kupanda freshi tu, hata sikusikia kitu." Sasa hapo ndo penyewe wadau, kupanda karibu kila kiatu kiko freshi, kinachokuumbua ni kushuka, na dukani watu wanajaribu kiatu wakiwa wamekaa kwenye stuli!

Hebu piga hesabu mwenyewe. Siku ya kilele kwa njia ya Machame au Lemosho unatoka Uhuru mita 5,895 na siku hiyohiyo unashuka mpaka Mweka kempu, karibu mita 3,100, halafu kesho yake asubuhi unashuka tena msituni hadi geti. Ni zaidi ya mita 2,700 kwa siku moja na kila hatua mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, kidole kikigusa ncha ya buti hata kidogo tu kinagongwa maelfu ya mara. Meru nayo ni fupi, mita 4,566, ila ule mteremko wake wa majivu na kokoto toka juu unakunyoosha vilevile.

Kwa hiyo namba kwanza isahau. 42 ya kampuni hii siyo 42 ya ile, na ukiingia kwenye mitumba ndo balaa zaidi maana unakuta moja imeandikwa kwa vipimo vya Uingereza, nyingine Marekani, nyingine Ulaya. 8 ya Uingereza inakaribiana na 42 ya Ulaya na 9 ya Marekani ya wanaume, ila kwa dada zetu 9 ya Marekani ya kike ni ndogo kuliko hiyo, msichanganye. Angalia kile kilebo nyuma ya ulimi, mara nyingi kuna na sentimita, hiyo ndo ya kuiamini kidogo. Usiku kabla ya kwenda sokoni kanyaga boksi tupu, simama wima uzito wote mguuni, chora unyayo na kalamu iliyosimama wima, miguu yote miwili maana haifanani, wengi mmoja umezidi. Kata ule mkubwa. Nenda nao.

Nenda jioni. Asubuhi mguu umelala, jioni umevimba kidogo kama utakavyovimba mlimani. Na beba soksi zako za mlima, zile nene za sufu, usijaribie soksi ya shule au miguu mitupu, na kama una begi lako weka humo hata kilo kumi za chochote, mchele, madumu ya maji, kwa sababu mguu ukibeba mzigo unatanuka na kurefuka. Najua utaonekana chizi pale soko la mitumba la Memorial umebeba begi la kilo kumi unajaribu viatu, wacha wacheke.

Sasa ukishalipata buti lililokupendeza, toa soli ya ndani, ile inayochomoka. Iweke chini ikanyage, kisigino kikae sawa nyuma. Mbele ya kidole kirefu (siyo lazima kiwe gumba, wengine cha pili ndo kirefu) ibaki nafasi kama upana wa dole gumba la mkono, sentimita moja kwenda moja na nusu. Angalia na pembeni, kama kidole kidogo kinamwagika nje ya soli basi buti hilo ni jembamba kwako, liache. Muuzaji atakwambia "litatanuka tu bosi". Ngozi inatanuka kidogo kwa upana kweli, kwa urefu haitanuki ng'o.

Irudishe soli, ingiza mguu bila kufunga kamba, sukuma mbele mpaka vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kiingie bila kulazimisha. Kisipoingia ni dogo, vikiingia viwili kwa raha linapwaya. Halafu piga kisigino chini mara mbili tatu mguu urudi nyuma kabisa, ndo funga kamba. Tembea. Kisigino kinyanyuke kidogo sana au kisinyanyuke kabisa, kikiwa kinapanda na kushuka kama pistoni hayo ni malengelenge ya kesho kutwa. Mwisho tafuta ngazi, yoyote, ya jengo la benki, ya kwa rafiki yako, shuka nazo haraka ukiwa na begi, au kama hakuna ngazi piga teke sakafuni kwa ncha ya buti. Kidole kikigusa mbele, rudisha hata kama ni zuri vipi. Mi nimeshaacha buti kali sana la Italia nikarudi nyumbani na huzuni kama nimefiwa.

Kuna kosa lingine la wageni wa mlima, wanaogopa baridi wanavaa soksi nene mbili kwenye buti lililokaa sawa na soksi moja. Usiku wa kilele pale juu ya Kibo hutu (kibanda cha mwisho kabla ya kilele) baridi inashuka chini ya hasi 10, na mguu uliobanwa damu haizunguki vizuri, kwa hiyo soksi ya pili inakuongezea baridi badala ya kukupunguzia. Moja nene ya sufu inatosha, ukitaka mbili basi ya ndani iwe nyembamba kabisa na ulijaribu buti ukiwa nazo zote mbili. Pamba usivae, ikilowa jasho haikauki na ndo inayochubua.

Mitumba sasa. Wengi wetu tunanunua huko na sina shida nako, buti zuri jipya bei yake unaweza kulipia kodi ya chumba miezi kadhaa. Ila kuna mtego mmoja ulionikuta mwenyewe. Nilinunua buti, ngozi inang'aa, soli ya chini meno yote yapo, yani halijatembea, nikaona nimeokota dodo. Siku ya tatu nimefika kempu ya Barranco nasikia mguu wa kushoto unapiga makofi. Soli imeachia toka mbele mpaka katikati kama mdomo wa mamba, na ile sponji ya kati, iliyo baina ya soli na ngozi, inamong'onyoka kama andazi la juzi. Nikazungushia tepu na kamba ya hema nikapanda ule ukuta wa mawe wa Barranco nao hivyohivyo. Baadaye fundi viatu akanielewesha: ile sponji ikikaa miaka mingi inakula unyevu wa hewani na kuoza yenyewe hata kama kiatu kilikuwa kabatini tu huko Ulaya, kwa hiyo buti lisilovaliwa kwa miaka linaweza kuwa baya kuliko lililovaliwa. Bonyeza ile sponji kwa dole gumba kwa nguvu, pembeni kote. Likibaki shimo, likipasuka mistari midogo, au likitoa unga, weka chini. Likunje buti mara kadhaa usikilize, usione aibu. Na hata likipita vipimo vyote ukilinunua peleka kwa fundi alishone soli pembeni kuzunguka, gundi peke yake hainishawishi siku hizi.

Ugumu wa soli nao uangalie kulingana na kazi. Shika kisigino na ncha, lizungushe kama unakamua nguo: likijikunja lote kama kandambili hilo ni la kutembelea mjini au njia ya Marangu mpaka Mandara, kile kibanda cha kwanza, kwenye kokoto za Kibo unyayo utahisi kila jiwe. Unataka linalokunjika pale kwenye vidole tu na kugoma katikati, shingo ipite kifundo cha mguu. Kuna mengine yanakuja kwenye mabelo, marefu, mazito, soli kama ubao haikunjiki kabisa. Hayo yametengenezwa kwa watu kama wawindaji wa kondoo na mbuzi wa milimani huko Alaska au Nyuzilandi, wanaokatiza mteremko pembeni pasipo njia na nyama mgongoni, huko soli laini inakuangusha. Kwetu sisi mlima una njia, utachoka bure. (Na Wamasai wanatembea kutwa nzima kwa katambuga, najua, usiniletee, ule mguu umefundishwa toka utotoni.)

Kuhusu maji kuingia sitasema mengi. Gore-Tex (kile kitambaa cha ndani kinachozuia maji) ni nzuri msituni Machame wakati wa mvua, lakini maji yakiingilia juu shingoni yanakaa humo siku mbili, kwa hiyo tafuta na geta, ile ya kufunika shingo ya buti. Likilowa usilianike jirani na jiko, gundi inaachia na ngozi inakakamaa, jaza magazeti ndani ubadilishe badilisha.

Ukishanunua lizoeshe wiki mbili tatu kabla. Wa Moshi panda nalo Materuni, wa Arusha panda Ilboru huko juu, ukiwa na begi, na siku moja iwe ya matope. Sehemu inayopata joto ukitembea bandika plasta hapohapo kabla haijavimba, ukisubiri mpaka kempu umechelewa.

Kamba nazo watu wanafunga kama za shule. Ukipanda kaza unyayoni ila legeza kidogo shingoni kifundo kipinde. Ukifika mwisho kabla hujaanza kushuka kaa chini, hata kama gaidi (yule mwongoza wageni) anakuhimiza, fungua yote. Piga kisigino nyuma, kaza kuanzia chini tundu kwa tundu, na pale mguu unapokunjia zungusha kamba moja juu ya nyingine mara mbili badala ya mara moja kisha vuta, inajikaba yenyewe na kisigino hakisogei mbele tena. Dakika tatu tu. Yule dogo alishuka toka Stella Point, pale ukingoni karibu na kilele, na kamba zilezile za usiku, zimelegea na vumbi limejaa ndani.

Na kucha kata siku tatu nne kabla ya safari, kata moja kwa moja usizungushe kona, usikate usiku wa kuamkia geti maana ukijikata kidogo tu utaenda na kidonda mpaka juu. Dogo nimempa buti langu la zamani, 43 na nusu, limemkaa kama lake.