Kabla hujanunua katuni ya orijino ya jarida, angalia haya kwanza

Watu wakisikia kukusanya sanaa wanawaza picha za mafuta za mabilioni, kumbe kuna kona moja ambayo hata mtu wa kipato cha kawaida bado anaweza kuingia, nayo ni katuni za majarida, yaani ile karatasi yenyewe iliyopita mkononi kwa mchoraji. Mimi zinazonikosha zaidi ni za The New Yorker, jarida lililoanza 1925, na ndo nitazitolea mifano hapa maana soko lake limeshakomaa, ila mengi nitakayosema yanafaa hata kwa Punch, jarida la zamani la vichekesho la London, au kwa wachora katuni wetu wa huku.

Kitu cha kwanza ujue unauziwa nini hasa. Pale New Yorker utaratibu ulikuwa mchoraji anapeleka rafu zake kadhaa kwa wiki, yaani michoro ya kwanza ya haraka, wahariri wanakaa wanachagua, ikipita ndo anarudi mezani kuchora ile ya mwisho ya kupelekwa mtamboni, kwa hiyo katuni moja inaweza kuwa na karatasi mbili tatu, zote za mkono wake, zote za kweli, na bei zake hazikaribiani hata kidogo. Muuzaji akikwambia hii ni ya Charles Addams usiridhike, muulize ni rafu au ndo iliyochapwa, na kama ilichapwa ni toleo la lini. Ukishapata tarehe huhitaji kumwamini mtu, jarida lina arkaivu ya dijitali ya matoleo yote tangu 1925, unalipia usajili unafungua ule ukurasa unalinganisha mstari kwa mstari. Zisipofanana kabisa haimaanishi ni feki, inawezekana ni rafu, ila basi ulipe bei ya rafu.

Na rafu zisidharauliwe jamani. James Thurber alikuwa anachora kwa penseli anaacha karatasi zinaishia kwenye ndoo ya taka, ni E. B. White, mwandishi wa jarida hilo hilo aliyekuwa naye ofisi moja, ndo akawa anaziokota na kuzipitia wino, mpaka 1929 zikaingia kwenye kitabu walichoandika pamoja. Kwa hiyo hapo hata swali la wino ni wa nani lina maana yake.

Halafu kuna printi, yaani nakala zilizochapwa. Bob Mankoff, naye mchora katuni, alianzisha Cartoon Bank 1992 na jarida likainunua 1997, ikawa inauza printi halali kabisa na nzuri za kutundika sebuleni, shida ni pale miaka inapopita, fremu inabadilisha wenyewe mara tatu, na wa mwisho anaiuza kama orijino bila hata kujua. Jalada la New Yorker la Machi 29, 1976, lililochorwa na Saul Steinberg, lile la New York inaitazama dunia kuanzia barabara ya 9, limetengenezewa mabango mengi mno, na kuna mengine yamezeeka vizuri hadi yanadanganya macho. Sheria yangu ni moja, karatasi itoke kwenye fremu kwanza. Muuzaji anayekataa kuitoa au kupiga picha ya nyuma, achana naye hata kama bei inavutia.

Sasa ukishaishika uangalie nini? Inamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye orijino ya enzi zile utaona penseli chini ya wino, imefutwa nusu, mkono wa mtu ulikuwa juu zaidi kidogo halafu akaushusha. Utaona rangi nyeupe ya kufunikia kosa, ina unene wake, ukipitisha macho ubavuni imeinuka. Mara nyingine kuna kiraka kabisa, uso umechorwa upya kwenye karatasi nyingine ukabandikwa juu na gundi imeshageuka rangi ya chai. Maneno ya chini yanaweza kuwa yameandikwa kwa penseli, na wakati mwingine siyo yale yaliyochapwa, kwa sababu wahariri walibadilisha, au kichekesho chenyewe kilitoka kwa mtu mwingine, Helen Hokinson kwa mfano maneno mengi alikuwa anaandikiwa na James Reid Parker. Pembezoni kuna vipimo vya kumwelekeza mtu wa mtambo apunguze upana kiasi gani. Nyuma ndo kuna utamu, mihuri, namba, tarehe, labda jina na anwani ya mchoraji, labda stika ya galari iliyowahi kuiuza. Hizo alama zisisafishwe wala kukatwa, ndo cheti chenyewe hicho.

Nunua lenzi ya kukuzia mara 10, haina gharama. Wino uliochanganywa na maji ukipakwa kwa brashi unaacha ukingo mweusi kidogo pale maji yalipokaukia, ila picha iliyochapwa ukiisogelea inavunjika kuwa vidoti vilivyojipanga, na printi za kisasa za kompyuta zina vidoti vidogo vidogo vilivyotawanyika kama vumbi.

Kwenye sahihi ndo watu wanapigwa zaidi, maana jina lililo ndani ya mchoro huwa linachapwa pamoja na mchoro, kwa hiyo kila kopi ina "sahihi". Unayoitaka wewe ni ile iliyowekwa baadaye kwa kalamu au penseli, iliyokaa juu ya uso wa karatasi, na ukiilaza kwenye mwanga pengine unaona mfereji wa ncha ya kalamu. Kwenye vitabu angalia kama amesaini ukurasa wenyewe au kakaratasi kalikobandikwa, vyote halali, ila bei tofauti. Sahihi yenye "kwa fulani" wengine wanaikimbia kwa sababu inashusha bei, mimi naipenda, hasa akiongezea kichoro kidogo cha haraka, kwa sababu kughushi jina tupu ni rahisi kuliko kughushi sentensi nzima na mchoro. Vile vyeti vya uhalisia vinavyokuja na bidhaa, mtu yeyote mwenye printa anaweza kutoa, kwa hiyo kinachotakiwa ni risiti ya mnada au galari, barua, picha ya mchoraji akisaini, kitu kinachoweza kufuatiliwa.

Upande wa hela, bei ya nyundo, ile mnada unapofungia, siyo bei utakayolipa. Nyumba za minada kama Swann ya New York au Heritage ya Dallas zinaongeza kamisheni ya mnunuzi, mara nyingi 20% na zaidi, hapo bado kufunga, bima na usafiri, na ukileta nyumbani kuna forodha na VAT ambayo kwa kawaida ni 16% Kenya na 18% Tanzania. Ongea na wakala wa forodha kabla hujanyanyua mkono, siyo mzigo ukishafika.

Na kumiliki karatasi siyo kumiliki haki ya picha, usije ukaanza kuchapa fulana. Steinberg huyo huyo aliishtaki Columbia Pictures kwa bango la filamu lililofanana na lile jalada lake, na 1987 akashinda.

Kutunza sasa, hapa sisi watu wa pwani inabidi tuwe wakali. Joto na unyevu vinaleta fangasi, mende wanakula gundi, mchwa hauna huruma. Usilaminishe! Najua kwetu kila karatasi ya maana inalaminishwa, ila katuni ukishailaminisha umeiua. Selotepu pia hapana. Tafuta fremu yenye karatasi isiyo na asidi, kioo kinachozuia miale ya jua kisigusane na mchoro, tundika mbali na dirisha na ukuta wa bafu, na zile za kalamu za felti zikae zaidi kwenye boksi kuliko ukutani, wino wake unapauka upesi.

Mwisho ni hawa wa kwetu. Jarida la Sani la Tanzania, lile la vikatuni vya kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, au jarida la Joe la Nairobi miaka ya 70, ukikutana na karatasi ya mkono ya mambo hayo uliza vizuri inatoka kwa nani kabla hujatoa hela, na ukishaipata iandikie historia yake ukiwa bado unaikumbuka. Wachoraji wengi wa sasa wanachorea kwenye tableti, orijino ya karatasi haipo kabisa, kwa hiyo waombe rafu za kwenye daftari, nunua kwao moja kwa moja kwa bei ya heshima, na kabla hamjaagana mwombe mchoraji aandike nyuma kwa penseli tarehe, gazeti, na hiyo siku nchi ilikuwa inaongea nini.