Gari haliwaki: pima kwanza ndipo ununue betri

Gari likigoma asubuhi, wengi hukimbilia duka la betri. Siku tatu baadaye linagoma tena, na betri mpya inaitwa feki. Kumbe tatizo lilikuwa waya, terminali (kibano cha waya kwenye kichwa cha betri), stata (mota inayozungusha injini ili iwake) au alteneta (inayochaji betri). Mita ya kawaida ya umeme, spana namba 10, brashi ya waya na mtu wa kukugeuzia funguo vinatosha kujua mwizi ni nani. Somo hili ni la gari za volti 12. Haibridi zina mambo yake, hazimo humu.

Hatua ya 1: Sikiliza

Washa taa kubwa, geuza funguo, sikiliza huku ukitazama taa.

Mlio wa haraka, ta-ta-ta-ta, maana yake umeme ni mdogo: solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. Betri imeisha au terminali haijashika.

"Tak" moja, taa zikabaki na nguvu: umeme umefika kwenye solenoidi lakini haupiti kwenda kwenye mota. Hapo shuku stata. Ila taa zikififia sana pamoja na hiyo tak, usiseme stata bado. Betri dhaifu nayo hufanya hivyo, na injini iliyokamata pia.

Kimya kabisa na taa zinawaka vizuri: fyuzi, rilei (swichi ndogo ya umeme), swichi ya funguo, au swichi ya gia kwenye otomatiki. Ukisikia "wiiii" na injini haizunguki, bendeksi (gia ndogo ya stata) haishiki meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini). Na kama injini inazunguka kwa kasi yake ila haishiki moto, stata haina kosa. Nenda kwenye mafuta na plagi.

Hatua ya 2: Terminali

Shika kila terminali uizungushe kwa mkono. Ikicheza hata kidogo, umeshapata cha kuanzia. Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi ya kupikia, suuza, kausha, kisha sugua kichwa cha betri na ndani ya terminali mpaka ving'ae. Anza kufungua hasi, na hasi iwe ya mwisho kufunga. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ni shoti.

Hatua ya 3: Volti za betri iliyopumzika

Pima gari likiwa limelala usiku kucha. Kama limetoka kuzimwa, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. La sivyo utasoma chaji ya juu juu.

Volti 12.6 na kuendelea, imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Chini ya 11.9 usiendelee na vipimo, ichaji kwanza.

Hatua ya 4: Volti wakati wa kupiga stata

Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 vizuri kabisa na ikashindwa kuzungusha injini. Kwa hiyo chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili gari lisiwake, weka mita kwenye vichwa vya betri, mwenzako apige stata sekunde tano. Isishuke chini ya 9.6. Ikishuka wakati betri ilikuwa imejaa, mara nyingi imekufa. Ikibaki juu ya 10 na injini inajivuta kwa uvivu, betri ni nzima. Nenda hatua ya 5. Ipe stata angalau nusu dakika ya kupoa kila baada ya jaribio.

Hatua ya 5: Volti zinazopotea njiani

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayookoa pesa. Stata ya petroli hula takriban ampea 100 hadi 200, dizeli zaidi. Waya ulioliwa na kutu ndani ya ganda bado utaonyesha volti 12 ukiupima umetulia, kwa sababu hakuna mzigo. Ukipitisha ampea 150 kwenye ukinzani wa omu 0.01 tu, unapoteza volti 1.5.

Mita iwe kwenye volti za DC. Ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya cha betri (kichwa chenyewe, si terminali), nyeusi kwenye boliti nene ya stata inayopokea waya wa betri. Piga stata. Ikizidi volti 0.5, waya au viungo vyake ni vibovu. Kisha upande wa ethi (njia ya hasi, kutoka betri hadi injini): nyeusi kwenye kichwa cha hasi, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Ikizidi 0.3, safisha au badili waya wa ethi. Gari iliyowahi kushushwa injini, anza na huo. Mara nyingi hurudishwa juu ya rangi au kutu.

Pande zote zikiwa safi, pima waya mwembamba wa solenoidi wakati funguo imegeuzwa. Umeme wa betri ukifika pale na stata inafanya tak tu, ishushe. Usikubali kuuziwa stata nzima kabla haijafunguliwa: makaboni (brashi za mota) yaliyokwisha na shaba za solenoidi zilizoliwa hubadilishwa peke yake. Kuigonga kwa mpini wa nyundo huamsha makaboni kwa muda. Kukufikisha gereji kunatosha.

Hatua ya 6: Chaji

Gari likiunguruma, kwenye betri usome 13.8 hadi 14.5. Chini ya 13.3 huku taa na feni vimewashwa, angalia mkanda na alteneta. Juu ya 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za alteneta) imeharibika na maji ya betri yatachemka. Kuchomoa terminali injini ikiwaka ili "kupima alteneta" ni kuhatarisha kompyuta ya gari, hata kama fundi kazoea.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, betri yangu ni mpya, NS60, alteneta inachaji 14.2, lakini gari ikikaa siku mbili haiwaki.*

Kuna kitu kinanyonya. Weka mita kwenye ampea 10 kati ya kichwa cha hasi na waya wake uliofunguliwa, funga milango, subiri dakika 40. Kawaida ni chini ya ampea 0.05. Ukiona 0.5, hizo ni ampea-saa 12 kwa siku. Betri ya saizi ya NS60 ina kama ampea-saa 45, siku mbili zimeila nusu. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba kwenye mita ishuke. Anza na alamu na redio zilizofungwa mtaani. Usipige stata mita ikiwa hapo, itaungua.

*Otomatiki yangu kwenye P kimya, nikiweka N inawaka. Stata?*

Hapana. Ni swichi ya gia, au imehama kidogo. Irekebishwe, kisha isafishwe soketi yake.

*Fundi anataka kuongeza asidi kwenye betri ili ipate nguvu.*

Mkatalie. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki. Ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke tu, yafunike sahani. Pima kwa haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya betri): 1.265 imejaa. Seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.05 hata baada ya kuchaji, betri hiyo haina dawa.

*Asubuhi inawaka mara moja, ila nikitoka safari ndefu nikazima, inafanya tak moja. Baada ya nusu saa inawaka.*

Joto huongeza ukinzani wa shaba, na stata nyingi zimekaa karibu na egzosi. Rudia hatua ya 5 gari likiwa la moto, maana likipoa utapata majibu mazuri ya uongo. Waya mwembamba ukiwa na volti chini ya 10 wakati wa tak wakati betri haijashuka hivyo, kosa liko kwenye swichi ya funguo au rilei. Ukiwa nazo za kutosha, shusha stata utazame shaba za solenoidi na bushi.