Pikapu Nzito ya Dizeli kwa Kuvuta Trela: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Mtu akitaka kununua pikapu ya kuvutia trela, namba ya kwanza anayoitafuta ni ile kubwa ya kwenye tangazo: "inavuta tani tatu na nusu", "inavuta tani saba". Mimi huvuta mashine na vifaa vya ujenzi kwa ajili ya kazi, na namba hiyo huwa naitazama mwisho. Injini za siku hizi huvuta. Kinachokwama kwanza ni springi, ekseli ya nyuma, tairi na breki, na hivyo havipambwi kwenye matangazo.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukifika ya tatu ukaona hesabu inakubali pikapu uliyonayo, ishia hapo, pesa yako ibaki mfukoni.

Hatua ya 1: Lijue trela lako likiwa limebeba

Uzito wa trela tupu haukusaidii kitu. Lipakie kama unavyolipakia siku ya kazi, maji kwenye tangi kama lina tangi, minyororo, madumu ya mafuta, spea tairi, kila kitu, kisha ulipeleke kwenye mizani ya magari. Kukisia hakufai. Karibu kila mwenye trela hulitaja kwa uzito mdogo kuliko ule halisi, kwa sababu anahesabu mashine na kusahau vikorokoro.

Kama bado hujalinunua trela, chukua uzito wa juu unaoruhusiwa uliopigwa kwenye bati lake. Siku moja utaufikia.

Hatua ya 2: Hesabu uzito unaoikalia pikapu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo twende taratibu.

Trela la kawaida linalofungwa nyuma ya bampa huilalia pikapu kwa shingo yake, yaani ule mkono wa mbele unaoshikana na pikapu. Uzito huo wa shingo unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Ukiwa mdogo kuliko hapo, trela huanza kuyumba kwa kasi ya barabara kuu. Ukizidi sana, pikapu hukaa kitako, tairi za mbele zinapungukiwa uzito na usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Trela linalofungwa katikati ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, hulalia zaidi: asilimia 15 hadi 25.

Uzito wa shingo ni sehemu ya mzigo wa pikapu. Unahesabiwa pamoja na abiria na kila kilichomo ndani na kwenye bodi. Tuchukue mfano wa pikapu ya ukubwa wa kati:

- Uzito wake tupu: kilo 2,200
- Mzigo unaoruhusiwa juu yake: kilo 850
- Uwezo wa kuvuta uliotangazwa: kilo 3,500

Trela lako lina kilo 3,000, yaani kilo 500 chini ya namba ya tangazo. Unajiona uko salama. Sasa jumlisha: shingo kwa asilimia 12 ni kilo 360. Watu wanne, kilo 290. Sanduku la zana, jenereta na dumu kwenye bodi, kilo 180. Chuma cha kufungia trela chenyewe, kilo 25. Jumla ni kilo 855. Umeshazidisha, na trela bado liko mbali na kikomo chake.

Ukishaona hesabu ya namna hii, usikimbilie dukani. Shusha watu wawili wapande gari lingine, hamishia jenereta kwenye trela juu ya ekseli zake, na mambo yanakaa sawa. Lakini kama kila safari ni watu wanne na zana zote, hapo ndipo pikapu nzito inapoanza kuwa na maana. Utainunua kwa ajili ya mgongo wake kabla ya injini yake.

Mizani itakuthibitishia yote haya kwa vipimo vitatu. Pima pikapu peke yake ikiwa na watu na zana: kwa mfano wetu, kilo 2,695. Funga trela, kisha simamisha tairi za pikapu tu juu ya mizani huku za trela zikiwa nje: kilo 3,055. Tofauti, kilo 360, ndiyo uzito wa shingo. Mwisho panda na vyote: kilo 5,695. Toa 2,695 na utapata trela, kilo 3,000. Kama mizani inapima ekseli mojamoja, linganisha pia ekseli ya mbele kabla na baada ya kufunga trela. Ikiwa imepungua sana, tatizo lako ni upakiaji, na pikapu mpya haitalitatua.

Hatua ya 3: Soma vikomo vyote

Kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, au kwenye kitabu cha gari, tafuta: uzito wa juu wa pikapu ikiwa imebeba, uzito wa juu wa kila ekseli, na uzito wa juu wa pikapu na trela kwa pamoja. Kikomo cha kwanza kufikiwa ndicho kinachotawala, hata kama vingine vina nafasi.

Huo uzito wa pamoja huwaumbua wengi. Pikapu yetu ikibeba hadi mwisho inafika kilo 3,050. Ikiwa kikomo cha pamoja ni kilo 5,850, kinachobaki kwa ajili ya ekseli za trela ni kilo 2,800. Zile kilo 3,500 za tangazo zilikuwa za pikapu iliyo karibu tupu.

Na namba za tangazo zenyewe zinatoka wapi? Kwa watengenezaji wa Marekani kuna kipimo cha chama cha wahandisi wa magari (SAE) kinachoitwa SAE J2807, kilichotolewa mwaka 2008. Pamoja na mengine, gari linapandishwa na trela lake mlima wa Davis Dam huko Arizona, kwenye joto kali, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na halitakiwi kushuka chini ya mwendo uliowekwa. Ni jaribio la maana. Lakini ndani ya gari wanahesabiwa watu wawili wa kilo 68 kila mmoja. Wewe na fundi wako na chakula chenu mnaweza kuwa mmeshapita hapo.

Angalia pia daraja la leseni yako. Sehemu nyingi, uzito wa pamoja ukivuka kiwango fulani unahitaji leseni nyingine, na bima haitakuelewa ukipata ajali ukiwa nje ya daraja lako.

Hatua ya 4: Waza mteremko kabla ya mlima

Kupanda ni suala la subira. Ukipanda polepole utafika. Kushuka ndiko kunakoua.

Ule msafara wetu wa kilo 5,695 ukishuka mteremko wa asilimia 6 (mita 6 chini kwa kila mita 100 za mbele) kwa kilomita 60 kwa saa, mvutano wa dunia unauingizia nguvu ya karibu kilowati 56 mfululizo. Hizo ni pasi za umeme za kilowati moja 56 zimewashwa kwa pamoja. Upepo na tairi huchukua sehemu. Iliyobaki lazima iende kwenye injini au kwenye breki. Ikienda yote kwenye breki, harufu ya pedi zinazoungua itaingia ndani kabla hujafika chini, na muda si mrefu pedali inazama bila kukamata.

Wengi hudhani dizeli inashikilia gari yenyewe kwenye mteremko. Injini ya dizeli kwa kawaida haizuii hewa inayoingia jinsi ya petroli inavyofanya, hivyo ukiachia mafuta inashikilia kidogo kuliko unavyotarajia. Kinachoifanya pikapu nzito ya dizeli iwe tamu mteremkoni ni breki ya eksozi: turbo (pampu inayosukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi) inabana moshi usitoke, na injini inageuka kuwa kizuizi. Unabonyeza kitufe, unachagua gia ndogo, na mguu unakaa mbali na breki kwa sehemu kubwa ya mteremko. Kama njia zako zina milima mirefu, hii peke yake inaweza kukupa jibu. Kama unazunguka kwenye tambarare, utakuwa umelipia kitufe usichokibonyeza.

Breki za trela ni lazima hata hivyo. Trela la uzito huu liwe na breki zake, na kama ni za umeme, kidhibiti chake kiwe karibu na mkono wa dereva. Trela likianza kuyumba, achia mafuta, shika usukani unyooke, na bonyeza breki za trela peke yake kwa mkono. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu, na usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha.

Hatua ya 5: Dizeli au petroli?

Kama umefika hapa, unahitaji pikapu nzito. Hiyo haimaanishi dizeli, maana pikapu nyingi nzito huuzwa pia na injini kubwa ya petroli.

Sifa za dizeli ni za kweli. Pikapu nzito za Ford, Ram na GM zenye dizeli za lita 6.6 na 6.7 zinatoa zaidi ya newtoni-mita 1,200 za nguvu ya kuzungusha, na zinaitoa kwa mizunguko ya chini ambapo petroli bado inalalamika. Kwa kulinganisha, Toyota Hilux ya lita 2.8 ina newtoni-mita 500 ikiwa na gia otomatiki. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10. Na turbo inasaidia sana milimani: injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, wakati yenye turbo inajisukumia hewa na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Sasa upande wa pili. Injini ya dizeli ya ukubwa huo ni nzito, karibu nusu tani kwa baadhi yake, na uzito huo unakula mzigo ulioruhusiwa. Pikapu ileile yenye petroli mara nyingi inabeba zaidi mgongoni. Hapa wengi hushangaa: wamenunua dizeli ili wabebe zaidi, kumbe wamepunguza.

Matunzo nayo. Oili ni lita 10 hadi 12 hivi kwa kila kumwaga, na filta za dizeli mara nyingi ni mbili. Mfumo wa mafuta unafanya kazi kwa shinikizo la bar 2,000 hivi, na dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu. Maji yakiingia, pampu inajisaga, chembe za chuma zinasafiri hadi kwenye injekta zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, na bili yake inaweza kukufanya ulitazame gari kwa muda bila kusema. Kwa hiyo mwaga maji kwenye kitenganishi cha maji na dizeli kwa ratiba, na taa yake ikiwaka simama.

Kisha kuna kichujio cha masizi kwenye eksozi. Kinajisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo hupatikana injini ikifanya kazi kwa muda wa kutosha. Pikapu ya dizeli inayopeleka watoto shule na kurudi haifiki huko. Kinaziba. Pia kinataka dizeli yenye salfa kidogo sana: kiwango cha Ulaya ni sehemu 10 kwa milioni, cha Marekani 15. Kama dizeli unayoipata njiani haifikii hapo, tafuta pikapu yenye mfumo rahisi zaidi au nenda petroli. Kuziba na kukata mifumo hiyo, kama wanavyoshauri baadhi ya mafundi, ni kosa kisheria katika nchi nyingi na kunaua bei ya kuuzia.

Hatua ya 6: Fanya hesabu ya pesa kwa kilomita za kuvuta

Chukua tofauti ya bei kati ya dizeli na petroli. Gawanya kwa kiasi unachookoa kwa kilomita moja ukitumia dizeli, ukiwa umeshatoa gharama ya ziada ya sevisi. Jibu ni kilomita unazopaswa kwenda kabla dizeli haijaanza kukulipa. Linganisha na kilomita unazovuta kwa mwaka. Zile za kwenda sokoni usizihesabu. Ikikuchukua zaidi ya miaka unayopanga kukaa na gari, dizeli ni starehe. Starehe si dhambi, ila uijue kwa jina lake.

Anayevuta mara chache kwa mwaka akodi. Nasema hivi kwa kila anayeniuliza, na wengi hawapendi kulisikia.

Hatua ya 7: Unapokagua iliyotumika

Nenda injini ikiwa baridi, na mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Gusa kava la injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha ili kuficha uwakaji mgumu. Moshi mweupe mwingi usiokwisha baada ya injini kupata joto, au mweusi mzito ukikanyaga, unahitaji maelezo. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: mvuke kidogo ni kawaida, ukipuliza kwa nguvu ring za pistoni zimechoka.

Kisha ingia chini kwa nyuma. Tazama boliti za chuma cha kuvutia, nyufa kwenye chesisi karibu na vishikio vya springi, na majani ya springi yaliyonyooka badala ya kupinda. Vuta kijiti cha oili ya giaboksi kama kipo, unuse. Ikinuka kuungua, gari limevuta zaidi ya uwezo wake. Mwisho omba ulijaribu ukiwa na trela lako limefungwa, kwenye mlima na mteremko, huku ukitazama geji ya joto. Muuzaji akikataa trela, bado una mizani yako na hesabu yako. Nenda kwa mwingine.