Jinsi ya kujua mapema kama timu inashuka daraja

Mashabiki wa Mbeya City waliona 2023 kuwa nafasi ya 13 na 14 si salama: timu ilifungwa na KMC kwenye mchujo, ikakutana na Mashujaa kutoka Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, ikashuka. Basi usihesabu mbili za mkiani tu.

Ligi Kuu ya Tanzania yenye timu 16 ina mechi 30 kwa kila timu. Ya 15 na 16 zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na 14 zinakutana nyumbani na ugenini. Inayofungwa inacheza tena na timu ya Championship.

Chukua msimamo, zidisha mechi zilizobaki mara 3, jumlisha na pointi ulizonazo. Una 21, zimebaki mbili: mwisho wako ni 27. Kama wa 14 tayari ana 28, kwaheri. Kukwepa mchujo, linganisha na wa 12.

Wengi hukosea kwenye viporo, yaani mechi zilizoahirishwa. Kumzidi mwenzako pointi 4 si pengo kama yeye ana kiporo kimoja na wewe huna; soma safu ya mechi zilizochezwa kabla ya pointi. Halafu angalia ratiba: kumfunga mpinzani wa moja kwa moja nyumbani, kama Mbeya City pale Sokoine, kunapunguza pengo kwa 3 bila kusubiri huruma ya mtu. Sare na huyo haipunguzi chochote, hata uwanja ukishangilia.

Pointi zikilingana, fungua kanuni za msimu huo, si za mwaka jana.