Kuomba nakala ya rejista ya kuzaliwa Ujerumani: anza na herufi za jina

Kabla ya kuandika barua, andika jina la ukoo kwa kila sura linayoweza kuchukua. Herufi ä, ö na ü huandikwa pia ae, oe na ue, na ß huwa ss. Waliohamia Marekani wengi waliziacha zile nukta mbili, au wakaligeuza jina zima: Müller, Mueller, Muller, Miller. Meyer, Meier, Maier na Mayer hutamkwa vilevile, na karani wa zamani aliandika alichosikia. W ya Kijerumani ni V yetu, na V yao mara nyingi ni F, ndiyo maana Vogt huonekana pia kama Fogt. Kusini, B na P hukaribiana mdomoni, kwa hiyo Bauer usishangae kumkuta kama Paur. Müllerin ni Müller huyohuyo. -In ni kiambishi cha mwanamke.

Kisha tafuta ofisi husika. Usajili wa serikali, unaofanywa na ofisi iitwayo Standesamt, ulianza Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo, tarehe 1 Oktoba 1874 na nchi nzima tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo utategemea zaidi vitabu vya kanisa, isipokuwa magharibi ya mto Rhine, ambako Wafaransa walileta usajili mapema. Taja wilaya pia, maana miji iitwayo Neustadt ni mingi.

Angalia umri wa kumbukumbu: kuzaliwa miaka 110, ndoa 80, kifo 30. Ikipita, rejista huhamia hifadhi ya nyaraka na yeyote anaweza kuomba. Haijapita? Ambatisha nakala ya pasipoti na vyeti vinavyokuunganisha na mhusika, kizazi kwa kizazi. Pengo la cheti kimoja latosha kukukwamisha.

Usiombe Geburtsurkunde. Hicho ni cheti cha muhtasari, hakina maandishi ya pembeni. Omba „beglaubigte Kopie aus dem Geburtenregister“, yaani nakala iliyothibitishwa ya rejista ya kuzaliwa, weka sura zote za jina, tarehe ya kukadiria, majina ya wazazi na dhehebu, na uulize ada kwanza.

Nakala ikifika, soma taratibu. Katika Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani, e hufanana na n, na u hutambulika kwa kamstari kaliko juu yake. Na kwenye vitabu vya kanisa, 7ber ni Septemba, kamwe si Julai. 8ber ni Oktoba.