Kuomba usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo: hatua kwa hatua, na maana ya maneno yaliyomo kwenye fomu

Fomu za mirathi za Mahakama ya Mwanzo zimeandikwa kwa Kiswahili, na bado watu wengi hukwama mezani kwa karani. Sababu ni kwamba maneno kama msimamizi, pingamizi na hesabu hayabebi humo maana ile ya mazungumzo ya nyumbani. Kila neno lina wajibu nyuma yake, na asiyeuelewa anaweza kupoteza nyumba, muda, na mara nyingine undugu. Kwa hiyo mwongozo huu unaeleza hatua na maneno pamoja, kila neno mahali pake. Unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, wenye Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Neno la kwanza: msimamizi

Mirathi ni mali zote alizoacha marehemu pamoja na madeni yake. Mrithi ni mwenye haki ya kupata fungu katika kile kinachobaki. Msimamizi wa mirathi ni mtu aliyeteuliwa na mahakama kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kurudi mahakamani kutoa taarifa. Kazi yake inaishia hapo. Barua ya uteuzi haimpi umiliki wa kitu chochote. Msimamizi anaweza kuwa mrithi pia, lakini fungu lake analipata kwa urithi, wala si kwa cheo. Familia inayosema "tumempa kaka nyumba, ndiye msimamizi" imekosea tangu mwanzo, na kaka akiiuza nyumba hiyo na kula fedha peke yake, sheria inamtaka afidie hasara kutoka mfukoni mwake.

Marehemu akiwa ameacha wosia na kumtaja mtu wa kuutekeleza, mahakama huzingatia matakwa hayo, isipokuwa ikiona ipo sababu ya kutofanya hivyo. Wosia wenyewe nao una masharti. Chini ya sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wa maandishi unahitaji mashahidi wanaojua kusoma na kuandika. Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali. Karatasi iliyokutwa chini ya godoro bila shahidi hata mmoja itakuletea mabishano tu.

Kabla ya kwenda mahakamani

Anza na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kibali cha mazishi na tangazo la kifo la hospitali ni nyaraka za kukupatia cheti. Zenyewe si cheti. Hapa linganisha majina mapema. Marehemu anaweza kuwa Juma Rashidi kwenye cheti, Juma R. Ally benki, na Rashidi Juma kwenye hati ya kiwanja. Tofauti hizo zisiporekebishwa sasa, utateuliwa vizuri kabisa kisha benki ikurudishe. Dawa yake ni hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia mbele ya kamishna wa viapo (mawakili wengi ni makamishna wa viapo) kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kusema uongo kwenye kiapo ni kosa la jinai, kwa hiyo aape yule anayejua ukweli.

Halafu muhtasari wa kikao cha familia au ukoo. Huu umekuwa desturi kubwa kiasi kwamba watu wanadhani ni sharti la sheria. Sivyo. Ni ushahidi tu kwamba wenye haki wamekaa na kumpendekeza mwombaji, lakini makarani wengi watauuliza na hakimu ataupa uzito, kwa hiyo uandae vizuri. Andika tarehe, mahali, jina la kila aliyehudhuria na uhusiano wake na marehemu, warithi wote kwa majina na umri, mali zinazojulikana, na jina la anayependekezwa. Kila mtu asaini kwa mkono wake. Muhtasari hubomoka kwa makosa yaleyale: saini zote zina mwandiko mmoja, mjane hakuitwa, au mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba kubwa ameachwa makusudi. Ukimwona mtu ana dai, mwandike na ueleze dai lake. Mahakama ndiyo itakayoamua. Kumficha leo ni kumkaribisha akuvunjie shauri kesho.

Mahakama ipi

Hapa ndipo penye kosa linaloumiza kuliko yote, maana hugundulika baada ya miaka. Mamlaka ni uwezo wa kisheria wa mahakama kusikiliza jambo fulani. Mahakama ikiendesha shauri bila mamlaka, kila ilichofanya kinaweza kufutwa, hata kama ndugu wote walikubaliana.

Kwa mirathi, Mahakama ya Mwanzo hupata mamlaka kwa mambo mawili. La kwanza ni makazi ya kudumu ya marehemu. Mtu aliyeishi na kufanya kazi Mwanza miaka ishirini, akafariki na kuzikwa kwao Bukoba, mirathi yake inafunguliwa mahakama ya eneo alilokuwa akiishi Mwanza. Kaburi halitoi mamlaka, wala mahali anapoishi mwombaji. La pili ni sheria inayotumika: Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Kama maisha ya marehemu hayakufuata lolote kati ya hayo, maombi huenda mahakama za juu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Dini peke yake haimalizi swali hili. Mkristo aliyeishi kwa kufuata mila za kabila lake anaweza kuangukia sheria za kimila, na mahakama huangalia namna alivyoishi. Mweleze karani hali halisi kabla hujalipa ada.

Kujaza Fomu Namba 1

Hii ndiyo fomu ya maombi. Anayeiwasilisha ni mwombaji; si mlalamikaji, kwa sababu hakuna anayeshtakiwa. Jaza jina la marehemu kama lilivyo kwenye cheti, tarehe na mahali alipofariki, mahali alipokuwa akiishi, kama aliacha wosia au la, na warithi wote.

Kwenye mali, andika zile za marehemu tu. Nyumba iliyo kwa jina la mjane, au ile waliyojenga wote wawili, si ya marehemu peke yake. Sehemu ya mjane ni mali yake mwenyewe na haiingii kwenye kapu la kugawana. Lisemwe hapa, mapema, kwa maandishi. Akishanyamaza hadi siku ya mgawo, ataonekana anang'ang'ania, na fungu lake la urithi (kwa mfano thumuni, yaani moja ya nane, ya mjane wa Kiislamu ambaye mumewe aliacha mtoto) litachanganywa na jasho lake.

Wasilisha fomu na viambatanisho, upewe namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipe, utunze stakabadhi. Shauri litapewa namba. Iandike mahali pa kudumu, utaihitaji kwa miaka.

Tangazo na pingamizi

Mahakama hutoa tangazo ili yeyote mwenye maslahi ajue. Hubandikwa kwenye mbao za matangazo, na mahakama inaweza kuelekeza litoke pia gazetini. Tangazo huwa na tarehe ya shauri. Usiende kabla wala baada.

Pingamizi ni hoja rasmi ya kupinga maombi. Linamlenga mwombaji au uhalali wa maombi yenyewe: huyu si mwaminifu, amewaficha warithi, wosia upo naye anasema haupo, mahakama haina mamlaka. "Nataka shamba la bondeni liwe langu" si pingamizi. Hilo ni suala la mgawo na lina wakati wake. Anayepinga aandike sababu zake na aje na mashahidi. Kupiga kelele koridoni hakuingii kwenye kumbukumbu za shauri. Na mwombaji asichukulie pingamizi kama vita: mahakama inaweza kuteua wasimamizi wawili kwa pamoja, au kumteua mtu baki mwaminifu asiyeegemea upande wowote.

Baada ya kuteuliwa

Utapewa barua ya uteuzi, Fomu Namba 4. Mahakama inaweza pia kukutaka utie saini dhamana, yaani ahadi ya maandishi kwamba utasimamia kwa uaminifu, na wadhamini ni watu wanaokubali kuwajibika ukikiuka ahadi hiyo. Waeleze wadhamini wako jambo hilo waziwazi kabla hawajasaini.

Kuanzia siku hiyo wewe ndiye unayesimama badala ya marehemu. Unaweza kudai madeni yake, kushtaki na kushtakiwa kwa niaba ya mirathi. Mrithi asiye msimamizi akifungua kesi ya kudai kiwanja cha marehemu baba yake, kesi hiyo hutupwa kwa kukosa haki ya kisheria ya kushtaki, hata kama kiwanja kweli ni cha baba.

Kwa ardhi yenye hati, peleka barua ya uteuzi kwa Msajili wa Hati ili jina lako liandikwe kama mwakilishi wa kisheria wa marehemu. Ndipo unaweza kuhamisha kwenda kwa warithi. Mnunuzi makini ataliangalia hilo, na atauliza pia kama warithi wameridhia mauzo.

Sasa weka alama kwenye kalenda: miezi minne. Ndani ya muda huo tangu uteuzi unatakiwa kuwasilisha Fomu Namba 5, orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni ya marehemu. Wasimamizi wengi hulala hapa, wakidhani barua ya uteuzi ndiyo mwisho wa safari. Ukihitaji muda zaidi, omba mahakamani kabla minne haijaisha na utaje sababu, kwa mfano benki haijajibu. Madeni yaandikwe pamoja na mali. Orodha yenye mali tu huamsha maswali.

Lipa kwanza gharama na madeni, kisha gawa. Aliyegawa kwanza hujikuta akiwafuata warithi mmoja mmoja awaombe warudishe, na hakuna anayerudisha. Fungu la mtoto aliye chini ya miaka 18 lioneshwe liko wapi na nani analitunza.

Fomu Namba 6 ni hesabu: fedha zilizoingia, zilizotoka, mali iliyouzwa kwa bei gani, na nani amepokea nini. Ambatanisha stakabadhi na saini za waliopokea. Warithi huitwa kuithibitisha au kuipinga, na mahakama ikiridhika hufunga mirathi. Hadi hapo jalada liko wazi na wewe bado unawajibika, hata kama miaka kumi imepita.

Mambo yakiharibika

Kutengua uteuzi ni kuiomba mahakama ileile imwondoe msimamizi. Sababu zinazokubalika ni kama udanganyifu wakati wa kuomba, kuficha jambo la msingi, barua kukosa maana kwa hali ilivyobadilika, au kushindwa kuleta orodha na hesabu bila sababu ya msingi. Kwa hiyo mrithi anayeona kimya aende kwanza masijala na namba ya shauri, aombe kuona kama Fomu Namba 5 ipo kwenye jalada. Isipokuwepo na miezi minne imepita, anayo hoja ya kuanzia.

Rufaa ni kitu kingine: hapo unasema hakimu alikosea katika uamuzi wake, nawe unaiomba Mahakama ya Wilaya iuangalie. Muda ni siku 30 tangu uamuzi. Omba nakala ya uamuzi siku hiyohiyo unaposomwa, kwa maandishi, na ubaki na nakala ya barua yako yenye mhuri wa kupokelewa. Siku zikipita, itakubidi kwanza uombe kuongezewa muda, na utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa ulikuwa ukifanya nini.